Mgeni wa Miguu Minne: Jinsi ya Kulea kwa Muda Mbwa au Paka Aliyeokolewa

Watoto wa ploti moja wanarudi kutoka shuleni jioni na kumkuta mbwa jike amejilaza karibu na tangi la maji. Mbavu zake zinahesabika, mguu wa nyuma umevimba, na shingoni ana kovu la kamba. Mtoto wa kwanza anamletea maji. Wa pili anamletea kipande cha ugali. Wa tatu, mwenye umri wa miaka 6, anakimbia ndani: "Mama, tumuweke tu hadi apone."

Mama anasimama mlangoni. Nyumba ni ya kupanga. Pesa za chakula zinahesabiwa kila wiki. Tena hakuna anayejua mbwa huyu ametoka wapi wala ameumwa na nani njiani. Hata hivyo, akifukuzwa usiku huu, huenda asiione asubuhi.

Kaya hii ni ya mfano, lakini hali yenyewe inafahamika katika mitaa na vijiji vingi vya kaunti. Somo hili linaeleza njia iliyopo kati ya kumfukuza mnyama na kumchukua moja kwa moja. Njia hiyo ni kumlea kwa muda: kumpa makao kwa wiki au miezi kadhaa, chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo au kituo cha uokoaji, hadi apate mwenyewe wa kudumu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: malezi ya muda yana mwanzo, yana kazi, na yana mwisho. Kaya inayojua sehemu hizo tatu kabla ya kufungua mlango humsaidia mnyama na kubaki salama. Kaya inayoanza kwa huruma peke yake mara nyingi humrudisha mnyama barabarani, akiwa na hofu kuliko alivyokuja.

Kwa nini jambo hili ni la kaunti

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ratiba ya Nne, Sehemu ya Pili, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao. Kazi hiyo inajumuisha kutoa leseni za mbwa na kuwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Huduma za mifugo pia ziko chini ya kaunti. Ndiyo maana mlango wa kwanza wa mkazi aliyemwokota mnyama ni ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo.

Sheria nyingine inayohusika ni ile ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Chini ya sheria hiyo ni kosa kumpiga mnyama kikatili au kumnyima chakula. Ni kosa pia kwa mwenye mnyama kumtelekeza bila sababu ya msingi mahali ambapo huenda akateseka. Kumpakia mbwa kwenye gari na kumwacha sokoni kwa sababu "ameshindikana" si suluhisho, na huenda kukamfikisha mtu mahakamani.

Sababu kubwa zaidi ni afya ya watu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, na hakijaondoka hadi leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Hadi visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kuangamiza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100.

Kila mbwa wa mitaani anayeingia katika mikono inayofaa, akachanjwa na kufungwa uzazi, ni hatua kuelekea lengo hilo.

Kabla ya kusema ndiyo: maswali matano

Mama wa mfano wetu hapaswi kuamua akiwa mlangoni. Usiku wa kwanza anaweza kumwekea mbwa maji na chakula kidogo mahali penye kivuli, watoto wakae mbali, na asubuhi ampigie simu afisa wa mifugo. Kabla ya kukubali kumlea, kaya ijiulize maswali haya.

La kwanza: je, mwenye nyumba na majirani wameridhia? Ruhusa ya mwenye ploti iombwe mapema. Majirani nao wana haki yao. Wapo wanaoogopa mbwa, na wapo Waislamu ambao hawapendi mate ya mbwa yaguse nguo, vyombo au mahali pa kuswalia. Kwa makazi ya pamoja ya aina hiyo, huenda paka akafaa zaidi.

La pili: nani atakuwa nyumbani? Mbwa mkubwa aliyetulia anaweza kubaki peke yake kwa saa kadhaa. Mtoto wa paka ambaye hajafungua macho hawezi, kwa kuwa hunyonyeshwa kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku.

La tatu: nani yumo katika kaya? Mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili hubadilisha uamuzi. Pengine kaya hiyo ingoje, au ichukue mnyama ambaye daktari amekwisha kumpima na kumtibu.

La nne: nani atalipa? Vituo vingine hugharamia matibabu na chanjo huku mlezi akitoa chakula na nafasi. Vingine hutoa hata chakula. Pale ambapo hakuna kituo, gharama zote huenda zikamwangukia mlezi.

La tano: mwisho wake ni lini, na mnyama ataenda wapi? Kama swali hili halina jibu, hayo si malezi ya muda tena. Ni kuchukua mnyama kabisa bila kujijua.

Majibu yaandikwe. Makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya mlezi na kituo yanatosha. Yataje nani mwenye mnyama kisheria, nani analipia dawa, nani wa kupigiwa simu usiku, mlezi atamlea hadi lini, na nini kitafanyika akishindwa kuendelea. Anayeombwa kumlea mnyama bila maandishi yoyote ana haki ya kuuliza kwa nini.

Wiki mbili za kwanza: mgeni akae kando

Mama na mumewe wameongea na mwenye ploti, na afisa wa mifugo amewaelekeza kwa daktari na kwa kituo cha uokoaji ambacho kimekubali kumsajili mbwa. Wamekubali kumlea kwa miezi mitatu. Watoto wamempa jina Chui. Kosa la kwanza ambalo kaya nyingi hufanya sasa ni karamu: kila mtu anataka kumshika, na kila jirani anakuja kumwona.

Mnyama aliyeokolewa anahitaji kinyume cha hayo. Atengewe sehemu yake yenye kivuli, gunia au blanketi kuukuu, bakuli la maji na mahali pa kujificha. Stoo, kona ya veranda iliyozibwa, au bafu lisilotumika vinafaa. Kama kuna mbwa au paka wengine nyumbani, wasikutane naye wala kutumia bakuli moja kwa angalau wiki mbili.

Sababu ya kwanza ya kumtenga ni magonjwa. Ugonjwa wa parvo, unaowaua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, unaweza kujificha kwa siku kadhaa, hata kufikia 14, kabla ya kuonyesha dalili. Virusi vyake hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu isafishwe kwanza, kisha ipigwe dawa ya klorini: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, iachwe kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Kaya ambayo imepoteza mbwa kwa parvo hivi karibuni isichukue mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo.

Sababu ya pili ni hofu. Vituo vingi vya uokoaji hutumia kanuni rahisi ya tatu-tatu-tatu. Siku 3 za kwanza mnyama ametishika na huenda asile. Katika wiki 3 anaanza kujifunza ratiba ya nyumba na kuonyesha tabia yake halisi. Baada ya miezi 3 ndipo hujihisi yuko kwake. Kwa hiyo mbwa anayelala kutwa nzima bila kubweka siku ya pili si lazima awe mpole. Huenda anaogopa tu, na tabia yake bado haijaonekana.

Daktari amwone ndani ya siku moja au mbili. Atampima, atampa dawa ya minyoo, atashughulikia kupe na viroboto, na ataamua siku ya chanjo. Mbwa na paka huchanjwa dhidi ya kichaa kuanzia umri wa miezi 3, wakarudiwa baada ya mwaka mmoja na kuendelea kadiri daktari atakavyoelekeza. Kadi ya chanjo ihifadhiwe kama cheti cha mtoto, kwa sababu itamfuata mnyama hadi kwa mwenyewe wa kudumu.

Chakula, dawa na makosa ya jikoni

Mnyama aliyekonda sana asishibishwe kwa siku moja. Mwili uliozoea njaa unaweza kudhurika, hata kufa, ukipewa chakula kingi ghafla. Apewe kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku, na kiasi kiongezwe polepole kwa ushauri wa daktari.

Ugali mtupu haumtoshi mbwa. Uchanganywe na omena, matumbo yaliyochemshwa, mayai au maharagwe yaliyoiva vizuri. Paka anahitaji nyama au samaki zaidi kuliko mbwa, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuweza kutoboa utumbo. Vitunguu, zabibu na chokoleti vikae mbali.

Matumbo, maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni yasitupiwe mbwa. Humo ndimo hukaa uvimbe wenye vijidudu vya tegu mdogo, ambaye hukua ndani ya mbwa na mayai yake kutoka na kinyesi. Mtu akiyameza mayai hayo kupitia mikono au maji machafu, uvimbe humea kwenye ini au mapafu yake kwa miaka. Kaunti ya Turkana inajulikana kwa muda mrefu kwa mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kinga yake ni kuchemsha matumbo, kumpa mbwa dawa ya minyoo na kunawa mikono.

Dawa za binadamu zisitumike. Paracetamol, ambayo iko karibu katika kila nyumba, inaweza kumuua paka hata kwa kidonge kimoja. Hali kadhalika, dawa ya kupe iliyotengenezewa mbwa yenye pamethrini, na dawa ya kuogeshea ng'ombe, ni sumu kwa paka. Atakayempaka paka aliyeokolewa dawa iliyobaki ya ng'ombe anaweza kumpoteza siku hiyohiyo.

Ikiwa mnyama ni mtoto wa paka asiye na mama, joto huja kabla ya maziwa. Aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula, kwa hiyo apashwe joto kwanza kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Anyonyeshwe maziwa maalumu ya watoto wa paka akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu, maana maziwa yataingia kwenye mapafu. Kila baada ya kunyonya, apanguswe sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ndipo aweze kukojoa na kunya. Akifika wiki 4 hivi, anaweza kuanzishiwa chakula laini.

Siku ya tano: Chui anauma

Turudi kwenye ploti. Chui ameanza kula vizuri. Siku ya pili alipata chanjo ya kichaa. Siku ya tano, mtoto wa miaka 6 anaingia kwenye kona yake wakati anakula na kunyoosha mkono kusogeza bakuli. Chui anakakamaa, anaonyesha meno, ananguruma. Mtoto hajui maana yake. Meno yanagusa mkono, na damu kidogo inatoka.

Watu wazima wanakusanyika, na kila mmoja ana ushauri. Mmoja anasema jeraha ni dogo, lipakwe chumvi. Mwingine anataka nywele za mbwa zichomwe zibandikwe. Wa tatu ameshika rungu. Wa nne anasema hakuna shida, mbwa alichanjwa juzi. Wote wanne wamekosea.

La kufanya ni haya, kwa mpangilio huu.

Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa kutazama saa. Hatua hii pekee hupunguza sana virusi vilivyoachwa na mate. Baadaye lipakwe dawa ya kuua vijidudu kama vile ayodini. Lisipakwe chumvi, pilipili, mafuta wala majani, na lisishonwe nyumbani.

Mtoto apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Mhudumu wa afya ataamua kuhusu chanjo na, kwa jeraha lililotoboa ngozi, kinga ya ziada inayodungwa kwenye jeraha. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa katika tarehe maalumu. Ratiba isikatishwe kwa sababu kidonda kimepona. Mkwaruzo usiotoa damu, au mate ya mbwa yaliyoingia kwenye kidonda, navyo vipelekwe hospitalini.

Mbwa asiuawe wala asifukuzwe. Afungiwe mahali salama, na ofisi ya mifugo iarifiwe ili achunguzwe kwa siku 10. Mbwa anayeweza kuambukiza wakati wa kuuma huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Akiuawa na kutupwa, ushahidi umepotea. Akifa mwenyewe, asizikwe kabla ya afisa kuarifiwa, kwa kuwa kichwa kinaweza kuhitajika kwa uchunguzi wa maabara. Hata hivyo, kumchunguza mbwa si sababu ya kuchelewesha chanjo ya mtoto. Mambo hayo mawili huanza siku moja. Siku 10 zikipita mbwa akiwa mzima, daktari ndiye atakayesema kama sindano zilizobaki ziendelee.

Na yule aliyesema mbwa amechanjwa juzi? Chanjo ya kwanza huchukua wiki kadhaa kujenga kinga, na kwa kawaida mbwa huhesabiwa kuwa amekingwa baada ya siku 28. Tena chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Virusi vinaweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi kabla ya dalili. Kwa hiyo mlezi wa mnyama ambaye historia yake haijulikani awe macho kwa kipindi chote, si wiki ya kwanza tu. Akimwona amebadilika ghafla, anadondosha mate, anashindwa kumeza, miguu inalegea, au anauma vitu bila sababu, asimguse. Amfungie na kupiga simu.

Uzito wa haya yote unatokana na jambo moja: dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Zisipoanza bado, maji, sabuni na chanjo ya mapema huokoa maisha.

Kumsoma mnyama kabla hajauma

Chui hakuuma "bila onyo". Alikakamaa, akaonyesha meno, akanguruma. Mara nyingi kabla ya hapo mbwa huwa ameonyesha dalili ndogo zaidi: kugeuza uso, kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo akiwa si mchovu, kukunja mkia tumboni, kuonyesha weupe wa macho. Paka hulaza masikio nyuma na kupiga mkia huku na huku.

Kunguruma kusiadhibiwe. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine huuma kimyakimya. Kinachofaa ni kurudi nyuma na kuondoa kilichomtisha.

Watoto wafundishwe sheria nne na kuzirudia kwa sauti: hatumgusi anapokula, hatumgusi anapolala, hatumkumbatii, na hatumfuati akijificha. Mtoto aliye chini ya miaka 10 asibaki peke yake na mnyama wa kulelewa hata kwa dakika moja. Katika mfano wetu, kosa la siku ya tano halikuwa la Chui wala la mtoto. Kona ya kulia haikuwa na kizuizi, na mtu mzima hakuwepo. Ubao mmoja mlangoni ungetosha.

Magonjwa ya ngozi nayo yaangaliwe. Ukurutu wa mbwa unaweza kuwawasha watu, na choa cha watoto wa paka hushika watoto wa binadamu kwa urahisi. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka, kwa sababu kinaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine kila siku, kwani vijidudu hivyo huchukua siku 1 hadi 5 baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza.

Mwisho: kumwachilia

Wiki zinapita. Mtoto alipata sindano zake na hana tatizo. Chui alimaliza siku 10 akiwa mzima. Mguu umepona, manyoya yanang'aa, na sasa anakuja akiitwa. Daktari amemfunga uzazi. Hatua hii haipaswi kurukwa: mimba ya mbwa au paka huchukua takriban miezi miwili, na jike mmoja aliyekabidhiwa bila kufungwa uzazi anaweza kurudisha watoto sita barabarani kabla ya mwaka kuisha.

Kisha simu inapigwa. Imepatikana familia yenye shamba dogo lenye ua. Sasa watoto wanalia, na mama mwenyewe anajiuliza: kwa nini asibaki?

Huenda jibu likawa abaki, lakini lisitolewe siku ya machozi. Kaya irudi kwenye maswali matano ya mwanzo, na safari hii iyajibu kwa miaka 10 au zaidi badala ya miezi mitatu. Kama mwenye ploti aliruhusu muda mfupi tu, kama ada ya daktari ilikopwa, kama hakuna mtu nyumbani mchana, basi kumkabidhi ndiyo huruma yenyewe. Lipo pia jambo ambalo watoto wanaweza kuelewa wakielezwa: Chui akienda, kona yake inabaki wazi kwa mwingine. Akibaki, mlango huo umefungwa.

Makabidhiano yafanywe kwa utaratibu. Mwenyewe mpya aje kumwona angalau mara moja kabla. Akabidhiwe kadi ya chanjo, tarehe ya dawa ya minyoo, na karatasi inayoeleza anakula nini na saa ngapi, anaogopa nini, anaelewanaje na watoto, kuku na mbwa wengine. Ukweli wote uandikwe. Katika karatasi ya Chui lazima isomeke kwamba aliwahi kuuma alipoguswa akila. Kuficha hilo ili apokelewe haraka ni kuhamishia hatari kwa mtoto wa mtu mwingine. Mwenyewe mpya naye aulize ofisi ya kaunti kuhusu leseni ya mbwa.

Siku ya kuondoka, watoto wapewe nafasi ya kuaga. Mdogo kabisa anaweza kubeba bakuli hadi kwenye gari. Ni bakuli lilelile alilogusa siku ya tano, na sasa anajua kuliweka chini, kurudi nyuma hatua tatu na kusubiri.

Mambo ya kukumbuka

Anayemwokota mnyama aanze na ofisi ya mifugo ya wadi. Makubaliano yawe ya maandishi, yenye tarehe ya mwisho. Mnyama atengwe wiki mbili na aonwe na daktari ndani ya siku mbili. Akiuma: sabuni na maji dakika 15, hospitali siku hiyohiyo, mnyama afungiwe na achunguzwe siku 10. Afungwe uzazi kabla ya kukabidhiwa. Ukweli wote kumhusu umfuate aendako.

Maswali ya kujadili nyumbani, katika chama au klabu ya shule

1. Katika nyumba yenu, ni kona gani mnyama angeweza kukaa bila kuguswa kwa wiki mbili? Nani angekuwa na ufunguo?

2. Jirani anasema mbwa aliyemuuma mwanawe ana chanjo, kwa hiyo hospitali haina haja. Mtamjibu nini?

3. Kwa nini ni hatari kumuua mbwa mara tu anapomuuma mtu?

4. Taja dalili tatu ambazo mbwa huonyesha kabla ya kunguruma. Nani katika kaya yenu anazijua?

5. Umemlea paka kwa miezi miwili na umempenda. Ni maswali gani utayajibu kabla ya kuamua abaki?